Miraba Yangu ya Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Meneja ametuita asubuhi, akatutangazia mambo mawili. La kwanza: nafasi ya mkuu wa kitengo cha seva itajazwa kabla ya mwezi kwisha. La pili: seva zote mia nne na themanini, zile kompyuta kubwa tunazohifadhia kumbukumbu za wateja, zisasishwe programu zake za ndani. Yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya mashine yenyewe, inayoiambia diski zake ziko wapi na feni zizunguke kwa kasi gani. Watengenezaji wametoa toleo jipya. Tumepewa wiki tatu.

Nusu zangu, nusu za Bi Polepole. Jina hilo nimempa mimi na yeye halijui. Kazi yake ni kugusa kitu, kukitazama, kuandika, kisha kukitazama tena. Ana miaka minne hapa. Mimi nina kumi na moja. Chumba kile cha seva nilikiingia nikiwa na nywele.

Meneja hakusema kwamba hii kazi ndiyo mtihani wa ile nafasi. Hakuwa na haja. Alitutazama wote wawili, akaanza kwangu.

Jioni nimemwambia mama watoto kwamba ukuu nimeupata. Kimsingi nimeupata. Yeye ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, anajua maana ya kukalia kiti kimoja miaka nenda rudi. Alifurahi mpaka akaketi. Akampigia simu mama yake hapo hapo. Kaka yake, aliyekuja kututembelea kwa wiki moja mwaka juzi na bado yupo, akauliza barua iko wapi. Nikamwambia barua zina taratibu zake. Akasema ni kweli, shemeji, hata yeye kazi anayoingoja ina taratibu zake.

Simpendi yule mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza saa tatu asubuhi. Kazi yenyewe ni hii: unahamisha shughuli za mashine, unaingiza toleo jipya, unaizima, unaiwasha, kisha unasimama. Unasimama dakika arobaini huku feni zote zikivuma na viyoyozi vikikupulizia mgongoni. Ukiondoka kabla haijamaliza, unaweza kurudi ukakuta kipande cha chuma.

Nimemaliza mbili. Masikio yanavuma, kiuno kimekaza, vidole havina hisia. Zimebaki mia mbili thelathini na nane.

Bi Polepole amevaa koti la sufu na soksi jozi mbili. Alifanya nane, zile zisizo na maana, za mahudhurio ya wafanyakazi na matangazo ya ndani. Kisha akaacha. Nikamuuliza mbona anaacha, kachoka? Akasema hapana, anataka kuzitazama kwa siku kadhaa kabla ya kugusa mashine za watu. Kuzitazama! Kana kwamba zitatambaa.

Jumatano, 5 Machi

Mungu ni mwema.

Kwenye korido Meneja ametundika skrini kubwa. Kila seva ni mraba mmoja. Nyekundu bado, kijani tayari. Wakubwa wakija huwasimamisha pale na kuwaeleza. Mimi siku zote nilidhani miraba ile inasoma kutoka kwenye mashine zenyewe. Haisomi. Ile programu ya kusomea iliharibika tangu tulipohamia jengo hili na hakuna aliyeitengeneza. Inasoma kutoka kwenye jedwali. Na jedwali tunalijaza sisi, kwa mkono.

Nimejaza sitini. Nimekaa kitini, chai pembeni, nikaandika namba ya toleo jipya mara sitini. Nilipotoka koridoni, sitini kijani. Mizuri kama shamba baada ya mvua.

Si uongo. Ni kutanguliza kumbukumbu. Mashine zenyewe nitazifuata taratibu hali ya hewa mle ndani ikiruhusu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeongeza themanini.

Meneja amenisifu mbele ya kitengo kizima. Akasema huo ndio uzoefu. Akamgeukia Bi Polepole na kumuuliza mbona upande wake bado mwekundu kiasi kile. Bi Polepole akasema anasubiri zile nane. Meneja akasema wateja hawasubiri.

Baadaye akanifuata pale kwenye mashine ya maji. Akaniuliza kwa adabu zake zile zile, kaka, mashine moja inakuchukua dakika ngapi? Nikamwambia inategemea mkono. Midomo yake ikacheza. Najua alikuwa anapiga hesabu. Mtu mwenye kijicho hesabu haimwishi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Mia mbili na arobaini, zote kijani. Siku nne. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Shemeji akauliza kama barua imekuja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitwa kazini siku ya mapumziko. Saa saba mchana mashine nane za Bi Polepole zimekufa zote ndani ya dakika chache. Zinawaka, feni zinazunguka, lakini zimesahau diski zake. Ukiziuliza diski ziko wapi, zinajibu hakuna diski.

Nilikaribia kucheka. Kisha nikaambiwa na mbili zangu pia. Zile mbili nilizozifanya kweli.

Bi Polepole alikwisha kupiga hesabu: saa mia moja kamili tangu zilipowashwa. Akamwambia Meneja toleo jipya lina kasoro, mtu yeyote asiguse mashine nyingine, atawaandikia watengenezaji leo hii. Meneja akapauka. Akanigeukia mimi. Akasema, na zako mia mbili na ushee, hizo zitakufa lini?

Hapo ndipo mtu anajulikana. Nikasema zangu hazitakufa. Akauliza nina hakika gani. Nikasema mbona zipo, zinafanya kazi, aende akazitazame. Tukaenda, tukazitazama. Zinafanya kazi barabara, maana hakuna aliyezigusa. Akauliza basi mbona zile mbili? Nikasema zile mbili nilitumia nakala iliyokuwa kwenye flashi ya Bi Polepole. Hizi nyingine nimetumia nakala yangu.

Ilitoka yenyewe mdomoni. Sikuipanga.

Bi Polepole hakubisha. Alisema tu kwamba nakala ni moja, imetoka kwa watengenezaji, haina yangu wala yako. Lakini Meneja hajawahi kushika bisibisi maisha yake yote, na kwake maneno ya nakala mbili yaliingia vizuri zaidi. Alisema tutazungumza Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Tumezungumza. Meneja amezitoa mashine zote za Bi Polepole na kunipa mimi. Nizisasishe kwa nakala yangu, Jumamosi hii, zote kwa mkupuo, na yeye atakuwepo ajionee mwenyewe. Kumbukumbu za zahanati zote ziko humo, na yeye hataki mashine za wagonjwa zibaki na toleo la zamani wakati wakaguzi wako njiani.

Nikasema vyema. Nilisema vyema mara tatu, nadhani.

Bi Polepole amepewa kazi ya kupanga nyaya.

Jumatano, 12 Machi

Amenijia mezani wakati wengine wamekwenda kula. Akafunga mlango. Akaniambia watengenezaji wamemjibu: kasoro wameikiri, toleo lililorekebishwa litatoka wiki ijayo. Akaniwekea barua yao mbele yangu. Kisha akaniuliza, taratibu, kaka, zile mashine umezifanya kweli?

Nikaanza kuisoma barua upya.

Akasema hataki kujua sababu. Twende wote wawili kwa Meneja sasa hivi. Yeye atasema tulikubaliana tusiziguse mpaka tuone matokeo ya zile nane, na jedwali tulilijaza mapema kwa makosa. Atasema tulikubaliana, hatasema ni kosa langu. Akasema Jumamosi ikifika itakuwa tumechelewa, na mle ndani mna watu wanaotafutiwa dawa zao.

Lazima niandike ukweli humu, si ndiyo kazi ya daftari hili. Kwa kiasi cha dakika moja hivi nilitaka kusimama niende naye. Hata kiti nilikisukuma nyuma.

Kisha nikaelewa mchezo wake. Tukienda wote, anayeonekana mwenye busara ni nani? Aliyesubiri. Na ukuu unakwenda kwa nani? Mjanja sana. Mwanamke anakuja na sura ya malaika, mfukoni ana kamba. Nikamwambia aniachie mashine zangu, apange nyaya zake.

Akachukua barua yake akatoka. Hakupiga mlango. Afadhali angeupiga. Alasiri nikamsikia akimsomea Meneja ile barua, na Meneja akimjibu kwamba kasoro ni ya nakala yake, si yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mama watoto ameninunulia shati jeupe la kuvaa siku ya kupokea barua. Amelipiga pasi, ameliangika mlangoni. Nimelikuta likinitazama kila nikiingia chumbani.

Nimefikiria kuugua kesho. Nimejaribu kukohoa. Mama watoto akanitengenezea tangawizi, akasema mkuu wa kitengo haugui siku kubwa namna hii.

Jumamosi, 15 Machi

Meneja alileta kiti chake mwenyewe mle ndani. Amevaa koti la baridi na kofia. Alikaa nyuma yangu asubuhi nzima. Mtu akikukalia nyuma hivyo, huwezi kujaza jedwali.

Saa nne kamili nikatuma amri moja kwa mashine zote mia mbili thelathini na mbili. Zikazima pamoja. Kimya kilichoingia mle chumbani sijapata kukisikia miaka kumi na moja. Nikasikia moyo wangu na pua ya Meneja.

Dakika arobaini. Zikarudi. Zote, hakuna iliyobaki! Hata mimi nilishangaa. Skrini ya koridoni ikawa kijani tupu, na safari hii nusu yake ni ya kweli. Meneja akanipa mkono, akasema barua yangu ataisaini Alhamisi.

Alhamisi.

Saa nne Jumamosi, ongeza saa mia moja. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu, nikahesabu nyuma ya karatasi ya duka. Kila njia inaangukia Jumatano saa nane mchana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefikiri siku mbili. Kuna njia mbili tu. Moja ni kumwambia Meneja leo, toleo la zamani lirudishwe, mashine zisimame nusu siku na mambo yaishe. Ya pili ni barua itoke kabla ya Jumatano saa nane.

Barua ikishapigwa muhuri, imepigwa. Nani amewahi kuona muhuri ukifutwa? Mkuu akishakuwa mkuu, matatizo yakija anaunda kamati.

Nimekwenda kwa Meneja. Nikamwambia mama mkwe anakuja Jumatano kutoka mbali, mgonjwa, na hamu yake ni kuiona barua ile kwa macho yake. Meneja ana mama mkwe pia. Alishika paji la uso, akasema Jumatano asubuhi basi, saa tano.

Mama mkwe haji. Ni mzima kuliko mimi.

Jumatano, 19 Machi

Nimevaa shati jeupe. Saa tano Meneja hayupo. Saa tano na robo hayupo. Jasho limenitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Saa tano na nusu akaingia, akasaini, karani akapiga muhuri. Kwenye fomu pana nafasi ya kuandika saa ambayo mkuu mpya anapokea dhamana ya mashine zote. Karani alitaka kuiacha wazi. Nikamwomba kalamu, nikaijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri: saa tano na nusu asubuhi. Isije ikasemwa baadaye kwamba ilitoka baada ya tukio.

Nilikuwa mkuu. Nilikaa kwenye kiti cha mkuu, nikakizungusha. Kinalia kidogo.

Saa nane na dakika tatu simu ya kwanza ikaingia. Saa nane na dakika kumi, simu zote. Mia mbili thelathini na mbili zimesahau diski zake. Meneja akaja mbio, akauliza ni nani anawajibika. Karani, yule yule mwenye muhuri, akaifungua fomu akamsomea. Mkuu wa kitengo, kuanzia saa tano na nusu. Laiti ningeiacha wazi, dhamana ingekuwa ya Meneja hadi jioni, maana fomu isiyo na saa huanza kazi ofisi ikifungwa. Nimejipalia makaa kwa mwandiko mzuri.

Nilirudi nyumbani jioni kubadili shati. Mama watoto alikuwa amefika kabla yangu. Vidole vyake vyote wino. Akasema tangu saa nane mitambo ya zahanati imekufa, amewaandika watu kwa mkono, mamia, nyuma ya karatasi za kalenda. Wamemtukana. Mzee mmoja alikuja kwa dawa yake ya moyo, jina lake halionekani, kipimo hakijulikani, mganga akaogopa kubahatisha. Wakamrudisha nyumbani bila dawa. Mama watoto ndiye aliyeambiwa amweleze. Akasema yule mzee hakukasirika hata, alimshukuru. Hilo ndilo lililomliza.

Kisha akasema kuna mpumbavu mahali fulani amekaa kwenye kiti hajui analolifanya.

Shemeji akauliza barua. Ilikuwa imechungulia mfukoni mwangu. Mama watoto akaichukua kwa vidole vyake vya wino, akaisoma, akatabasamu kidogo kwenye cheo. Akaendelea kusoma. Seva zote. Tarehe ya leo. Akaniuliza, kumbe zile za zahanati ziko kwako? Nikasema tangu asubuhi tu.

Aliiweka barua mezani, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu sana. Niliona aibu, naandika wazi. Shemeji akanisogezea kiti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno yake yote.

Alhamisi, 20 Machi

Zahanati ziliokolewa na nani? Na mimi! Lakini shukrani hakuna.

Bi Polepole aliingia mle ndani alfajiri, akaenda upande wangu, akachomeka kompyuta yake kwenye mashine moja moja na kusoma toleo lake. La zamani. Inayofuata, la zamani. Zote mia mbili thelathini na nane, hazijaguswa, zinafanya kazi. Koridoni zote kijani. Akamwita Meneja akamwonyesha. Kisha akaanza kuchomoa diski kutoka kwenye mashine zilizokufa na kuzihamishia kwenye zangu, kwa mikono, mwanzo na za zahanati. Saa nne zahanati zilikuwa zinafanya kazi.

Nikamwambia Meneja kwamba hizo nilizibakiza makusudi, akiba ya dharura. Meneja akanitazama kwa namna ambayo mtu hutazama bomba linalovuja. Akaniuliza kama nina mama mkwe kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Barua imefutwa. Kumbe muhuri unafutika, kuna muhuri mwingine wa kuufuta. Mkuu wa kitengo ni Bi Polepole.

Meneja alitaka nifukuzwe leo leo. Yeye, Bi Polepole, akasema hapana, nina miaka kumi na moja na nyumba inanitegemea. Akanipa kazi moja. Kabla ya toleo lililorekebishwa kuingizwa Jumatatu, mtu apite kwenye kila mashine, asome kwa macho yake hali ya diski na toleo lililomo, aandike kwenye karatasi, atie sahihi; mashine yenye diski mbovu ikizimwa ili isasishwe, kumbukumbu zake zinaweza zisirudi tena. Mashine mia nne na themanini. Siku nzima, bila haraka. Akasema ananiamini. Alisema hivyo mbele ya watu, bila kejeli. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimesema ndiyo, mkuu.

Nimeanza kwa moyo safi. Nashuhudia mbele ya daftari hili kwamba nimeanza kwa moyo safi. Mashine ya kwanza nimesoma, nimeandika. Ya pili, ya tatu. Ya ishirini na sita vidole vikafa ganzi. Ya thelathini na moja nikagundua kitu ambacho Bi Polepole, pamoja na uangalifu wake wote, hajakiona: zote zinasema maneno yale yale. Thelathini na moja zimesema sawa. Basi ya thelathini na mbili itasema nini kipya? Nikatoka mle ndani, nikakaa na chai, nikaimalizia karatasi. Mwandiko mzuri, mashine mia nne na themanini, sahihi chini ya kila ukurasa. Bi Polepole amezipokea, akazitazama, akanishukuru kwa kazi ngumu. Akaniambia ataanza na zahanati Jumatatu asubuhi, kwa kuwa karatasi inaonyesha ziko salama.

Nyumbani mama watoto alinisubiri mlangoni. Hajanisemesha tangu Jumatano ila kwa mambo ya lazima. Akasema ukuu hauna maana kwake, habari za barua kufutwa zimeshafika zahanati, yamekwisha. Anataka kuniuliza swali moja tu na nimjibu kama mume wake. Yule mzee wa dawa ya moyo ameandikiwa kuja Jumatatu. Je, mashine za zahanati nimezitazama mimi mwenyewe, kwa macho yangu?

Safu ya zahanati ni ya tisa. Mimi niliishia safu ya kwanza.

Nikamwambia nimezitazama zote, moja moja. Akanishika mkono. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Akasema chakula kipo mezani, kimefunikwa.

Nimekula vizuri. Bi Polepole hatadumu kwenye kiti kile, mtu asiyekagua kazi ya wengine hadumu. Nafasi ikitoka tena, mimi ndiye mwenye uzoefu.